Posa ya Kibao cha Kijani

Ukitaka kumuudhi Nsimire, mpelekee diski ya kompyuta kisha umwambie habari zake kwa kusoma karatasi iliyobandikwa juu. Atakutazama kama mtu aliyetajiwa uzito wa samaki kwa kusoma gazeti walilofungiwa. Huko Kamembe, upande wa Rwanda, ambako ana kibanda chake nyuma kidogo ya soko, kati ya mshona viatu na mama muuza unga wa muhogo, karatasi ya juu haina heshima yoyote. Diski nyingi zinazofika hapo zimeshapita mikono mitano, zimevuka mpaka mara mbili, na kila aliyezishika amebandika alichopenda. Ya zamani imeitwa mpya, ndogo imeitwa kubwa.

Kwa hiyo yeye huigeuza kifudifudi. Chini ndiko kuliko na kibao cha kijani, kile chenye vijipande vya umeme vinavyoiendesha diski, na pembeni mwa kibao hicho kuna namba ya herufi nyeupe ndogo mno. Namba hiyo hakuna anayeibandika. Huisoma kwa kioo cha kukuzia, akaiandika katika daftari lake, kisha huwasha umeme, akaweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini wake sikioni, akasikiliza. Nzima huvuma taratibu. Iliyoumia ndani hugonga, ko, ko, ko, halafu hunyamaza. Iliyokufa kibao haisemi kitu. Na ile inayoweza kusema huiunganisha na kompyuta na kuiuliza yenyewe: unaitwa nani, ulitengenezwa lini, una ukubwa gani. Majibu yote huingia daftarini, pamoja na jina la nyumba ambako diski inaishi. Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Mwaka wa 2016, habari hii ilipotokea, alikuwa katika la tatu.

Katika miaka yote ya kazi Nsimire hajawahi kuletewa diski iliyouawa na mtu. Zote hufa zenyewe, mezani, zimetulia, hakuna aliyezigusa. Hii iliyobonyea pembe moja? Ilikufa yenyewe. Na hii inayonuka bia? Yenyewe pia. Nsimire haulizi sana, pua yake inamtosha.

Kazi hii hakuisomea shuleni. Alizaliwa ng'ambo, Kadutu, mjini Bukavu, akavuka mto Ruzizi akiwa na miaka ishirini kuja kuolewa na Cubaka, mchuuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Siku moja redio ya Cubaka iliharibika, Nsimire akaipeleka kwa Buhendwa, fundi mkubwa wa Kamembe wakati ule, Mshi mwenzake kwa kabila, mtu wa kofia na maneno mengi. Akasimama mlangoni kutazama inavyofunguliwa. Redio ikapona, yeye akabaki amesimama. Kesho yake akarudi bila redio. Siku ya tatu Buhendwa akamsukumia kigoda.

"Ikala basi," alisema. "Utanichosha macho."

Wanaume wa sokoni walicheka wiki nzima, mke wa mtu wa sambaza anajifunza nyaya! Buhendwa hakucheka. Alimfundisha miaka kumi na mmoja, kutoka redio hadi kompyuta, na alipomaliza kumfundisha alichokijua, wakaanza kujifunza pamoja wasichokijua.

Halafu wakakosana. Ilikuwa mwaka 2010. Adrien, mpiga picha ambaye studio yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha sasa cha Nsimire, alileta diski yenye harusi za mwaka mzima, kibao kimeungua. Buhendwa alipata diski nyingine yenye karatasi ileile juu, akahamisha kibao chake bila kusoma namba. Namba hazikufanana. Diski ikagonga mara mbili tatu, ikakwaruza, na harusi ishirini na saba zikapotea moja kwa moja. Buhendwa akamwambia Adrien, "Uliileta imeshakufa." Na Nsimire, ambaye alikuwa palepale, mbele ya wateja saba na muuza maandazi, akasema, "Hapana, Papa. Haikukuwa imekufa. Haukusoma namba."

Alisema kweli, hilo halina ubishi. Lakini mwalimu wake alibadilika uso. Alivua miwani, akaikunja, akasema neno moja tu, "Toka." Nsimire akatoka. Mwaka uliofuata Buhendwa alifunga karakana akaenda kupumzika nyumbani kwake Gihundwe, na kwa miaka sita wawili hao walikuwa wakikutana misibani na harusini na kupeana salamu ya kichwa. Iliuma. Nsimire ni mtu wa kuficha, lakini iliuma, na siku nyingine akikwama juu ya diski ngumu alijikuta akigeuka kulia kuuliza, na kulia hapakuwa na mtu.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano, pikipiki ilisimama mbele ya kibanda, akashuka mwanamke wa makamo aliyevaa koti la mvua la kiume, amekumbatia sufuria. Ndani ya sufuria kulikuwa na kitenge, na ndani ya kitenge diski kubwa, ya zile za kukaa mezani zenye chaja yao. Mwanamke huyo aliitwa Mukandayisenga, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kilima kimoja huko Nkungu, na alikuwa ameondoka kwake alfajiri.

"Ilikufa yenyewe," alisema kabla ya salamu.

Nsimire aliinusa. Harufu ya kuungua ilikuwa ingali mbichi. "Na chaja yake, Maman?"

Mukandayisenga akaingiza mkono mfukoni, akatoa chaja ya laptopu. Nsimire akasoma maandishi ya mgongoni. Diski ilitaka volti kumi na mbili, na chaja ile ilitoa kumi na tisa.

"Ya kwake ilipotea. Lakini hii iliingia muzuri kabisa," Mukandayisenga alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Tundu ni lilelile."

"Kuingia, inaingia," alikubali Nsimire, akachukua bisibisi.

Nsimire akiwa anafungua, mgeni wake akaeleza. Maji ya kilima chao hushuka kutoka chemchemi iliyo juu, karibu na msitu, kwa bomba lililofukiwa ardhini, zaidi ya kilomita tatu, likipita chini ya maharage, migomba na nyua za watu hadi kwenye tangi. Aliyelilaza alikuwa Nsabimana, fundi wao wa maji. Mahali fulani njiani, pale bomba nene linapoungana na jembamba, aliacha kifuniko cha kusafishia. Kila baada ya miaka michache tope huziba hapo, naye alikuwa akifukua, akisafisha na kufukia tena peke yake, bila kumwonyesha mtu, kwa sababu aliwajua watu wake. Kifuniko kikionekana leo, kesho kuna atakayekifungua apate maji ya kufyatulia matofali. Badala ya kuonyesha, alipiga picha. Kila kiungo, kabla hakijafukiwa, alikipiga picha na fimbo yake ya kupimia kando, akazihifadhi zote katika diski hii. Mwaka uliopita Nsabimana akafariki. Na sasa ilikuwa wiki ya tatu maji yamekatika. Juu yalikuwa yakiingia, chini hayatoki, na njia nzima hapakuwa na mahali palipolowa.

"Kwa hiyo imeziba ku ule mufuniko," Mukandayisenga alisema, "na hatujuwi iko wapi. Tulishachimba mu maharage ya Nyiraneza, jirani yangu. Miye mwenyewe njo niliamuru. Alilia, nikamwambia kamati imeamua. Hatukupata kintu! Sasa kila muntu anasimama ku shamba yake na jembe, hataki tuguse. Batoto banashuka ku bonde saa nzima kutafuta bido moja ya maji, na maji ya kule iko inabaumiza tumbo. Wa dada yangu amelazwa."

Alisema la mwisho haraka, akaanza kukunja kile kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Nsimire alianza na matumaini madogo. Kwenye kibao kuna kijipande cha ulinzi ambacho hukubali kuungua ili wenzake wapone, na mara nyingi ukikiondoa, diski huamka. Alikiondoa, akaweka chaja sahihi, akasikiliza kwa mpini wa bisibisi. Kimya. Akaangalia kwa kioo, na kando yake akaona kijipande kikubwa kinachozungusha mota, kina kitundu katikati kama kilichochomwa sindano. Kibao kilikuwa kimekufa. Ndani ya diski, picha za Nsabimana huenda zilikuwa salama kabisa, ila hapakuwa na wa kuzisoma.

Kilichotakiwa ni kibao kingine chenye namba ileile, herufi kwa herufi. Halafu kutoka kile kilichokufa ihamishwe chipu ndogo ya miguu minane, kwa sababu kila diski hupimwa kiwandani, na vipimo vyake yenyewe vimewekwa humo. Ukikosea moja kati ya hayo mawili, unaua kilichobaki.

Alifungua madaftari. La tatu, hakuna. La kwanza, hakuna. Katika la pili, ukurasa wa pili kutoka mwisho, namba ilikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Diski hiyo aliifunga yeye, miezi miwili kabla ya ugomvi, katika kompyuta ya nyumba moja ya Gihundwe. Nyumba ya Buhendwa.

Nsimire alifunga daftari. Akampigia Muderhwa, muuza vifaa vya kompyuta kule Bukavu, akamtajia namba. Muderhwa akapekua maboksi yake yote akasema hana. Akapiga kwa wengine wawili, hata kwa mtu wa Bujumbura ambaye hakupenda kuongea naye. Mama muuza unga, aliyekuwa akimwona anavyohangaika, aliuliza kama kuna mgonjwa.

"Ni nyumba gani hiyo uliona mu daftari, ukaifunga haraka?" Mukandayisenga aliuliza hatimaye. Mwenyekiti wa kamati ya maji huona mengi.

"Ya mwalimu wangu."

"Si twende?"

"Hatuongeleshani tena." Na kwa kuwa mwanamke huyu alikuwa amemweleza yake, Nsimire naye akamweleza yake, mpaka lile neno "Toka."

Mukandayisenga alifikiri. Kisha akauliza swali la ajabu, kama Buhendwa huyo ndiye yule Papa Buhendwa anayesimama kwenye harusi kusemea upande wa binti, mwenye kofia, ambaye watu wa posa hutoka jasho mbele yake. Nsimire akasema ndiye. Ni Mshi, lakini ameishi Rwanda miaka thelathini, na mila ya kuposa ya hapa ameipenda kuliko wenyeji.

"Basi kazi ni nyepesi. Hatuendi kuazima," Mukandayisenga alisema, akisimama. "Tunaenda kuposa. Wapi banauzisha kasiksi?"

Walifika Gihundwe alasiri, na kidumu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo Buhendwa huisifu kuliko zote. Mzee alikuwa amekaa barazani, na dirishani nyuma yake kompyuta ilikuwa ikipiga rumba ya zamani. Alipomwona Nsimire alishika mikono ya kiti chake ili ainuke aingie ndani. Lakini Mukandayisenga alishatua kidumu katikati ya uwanja na kupaza sauti ile ya sherehe.

"Wenye nyumba hii! Sisi ni wasafiri. Tumepita njia hii tukaona hapa kuna binti wa sura nzuri na tabia nzuri. Nasi kwetu kuna kijana ameumia, hasemi wala hatembei. Tunamuomba binti huyo aje amsaidie."

Buhendwa alibaki hajakaa wala hajasimama. Alimtazama mwanamke huyu asiyemjua, akatazama kidumu, akamtazama Nsimire, na usoni mwake hasira na utamu wa kusema vilikuwa vikipigana waziwazi. Kwa sekunde kadhaa haikujulikana nani mshindi. Halafu akavaa kofia.

"Binti?" alisema. "Hapa hakuna binti. Tulikuwa na mumoja, ameingia utawa."

"Mutawa gani anaimba rumba? Tunamusikia ku dirisha."

Kona ya mdomo wa mzee ilicheza. "Ni kweli ana sauti. Lakini binti wa hapa habebewi kasiksi tu, kama kuku. Mbele ya yote, kuna kosa la zamani kati ya ukoo wenu na ukoo huu. Tuliseme kwanza."

Kila aliyehudhuria posa huko anaijua sehemu hii. Upande wa binti huibua kosa la kubuni, kwamba babu yenu aliiba kengele ya mbuzi wetu, na waposaji huomba radhi upesi, watu wakacheka, bia ikamiminwa. Mukandayisenga alikuwa ameshafungua mdomo kuungama hiyo kengele.

"Kuna muntu wa kwenu," Buhendwa alisema, na sauti ya sherehe ilikuwa imeondoka, "alinihaibisha mbele ya bantu. Bantu saba. Na muuza maandazi."

Miaka sita, na hesabu yake ilikuwa haijapungua hata mtu mmoja. Rumba ikaendelea peke yake. Nsimire alisogea mbele. Angeweza kujibu kwa mchezo, na pengine mzee angekubali, lakini hakutaka.

"Papa," alisema, "nilichosema kilikuwa kweli. Siwezi kukugeuzia. Lakini nilipaswa kungoja bantu batoke. Ulinipatia kigoda wakati bote bananicheka, na miye nikakuangusha mbele yao. Sikufanya vizuri. Unisamehe."

Machozi yalimjia, akayaacha yashuke. Buhendwa aliivuta kofia chini kidogo. Kisha akarudia sauti ya sherehe, ingawa safari hii ilikuwa na mkwaruzo.

"Ukoo umesikia. Munamutaka binti mu siku ngapi?"

"Mbili. Na ni kibao tu, Papa. Nitamurudisha muzima."

"Nitamusindikiza miye mwenyewe," Buhendwa alisema. "Binti wa hapa hasafiri peke yake."

Mukandayisenga alilala kwa binamu yake hapohapo Gihundwe, na asubuhi wote watatu wakawa ndani ya kibanda, na kompyuta ya mzee mezani. Jambo la kwanza Nsimire alinakili nyimbo zote za mzee katika diski nyingine. Buhendwa alisema hakuna haja, ni makelele tu ya ujana, lakini hakuondoa macho kwenye kompyuta mpaka wimbo wa mwisho ulipovuka. Kisha ukaja wakati wa vibao. Nsimire alivilaza viwili kwenye kitambaa cheupe, akashika kioo.

"Soma namba," Buhendwa alisema polepole.

Nsimire alikuwa ameshaisoma mara tatu. Akaisoma tena, kwa sauti, herufi moja moja, na mzee akaifuata kwa ukucha kwenye kibao kilichoungua, akiitikia kila moja kwa kichwa. Zilifanana mpaka mwisho. Nsimire akawasha mashine ya hewa ya moto. Ile chipu ya miguu minane ya kibao cha Buhendwa aliitoa na kuibandika kwa utepe kwenye ukurasa wa daftari, ikingoja kurudi kwao. Ile ya Nkungu aliitoa, akaikalisha mahali pake, akalehemu mguu mmoja mmoja. Buhendwa alishika taa. Ilikuwa zamani mno tangu Nsimire ashikiwe taa na mtu anayejua wapi pa kuielekeza.

Alifunga kibao juu ya diski, akaweka chaja ya volti kumi na mbili, akatega sikio kwenye mpini wa bisibisi. Kisha akampa Buhendwa mpini. Mzee akasikiliza, mdomo wazi.

"Inavuma," alisema. "Inavuma muzuri!"

Picha zilikuwa mia nne na kitu. Nsimire alizinakili kwanza, zote, ndipo akaanza kuzifungua. Shimo baada ya shimo, bomba baada ya bomba, na kando ya kila moja fimbo ya Nsabimana yenye mistari myekundu. Mukandayisenga alikuwa akipiga soga nyuma yao: hapo ni kwa fulani, hapo ni chini ya kanisa, ona maharage yalivyokuwa mazuri mwaka huo. Kwenye picha ya mia mbili na kumi na mbili bomba nene lilikutana na jembamba, na juu ya kiungo kulikuwa na kifuniko cha chuma. Nsimire akapiga makofi. Nyuma yake soga zilikuwa zimekatika.

Katika picha, nyuma ya shimo, ulionekana mparachichi wa vigogo viwili na nyumba yenye mlango wa buluu.

"Mulango ule ni wangu," Mukandayisenga alisema.

Alisogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya shimo. Hapo, alisema, sasa pana jiko lake. Jiko la matofali, lenye bomba la moshi, la pekee kwenye kilima kizima. Alilijenga mwaka juzi.

"Alikuja," alisema. "Nsabimana. Siku tunaweka musingi. Alisema, 'Maman, sogeza jiko hatua ine.' Hakusema juu ya nini, hakupenda kusema mbele ya wajenzi. Na miye nikamujibu, muntu wa maji asinifundishe mahali pa kupikia. Alicheka tu, akaenda." Akakitoa kidole kwenye kioo. "Na nimechimba maharage ya Nyiraneza."

Mshona viatu alikuwa ameacha kugonga. Mukandayisenga akatoa simu, akampigia mumewe, na kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu ilibidi aweke sauti kubwa, kwa hiyo soko lote la karibu lilisikia.

"Mbarushimana. Toa sufuria zote jikoni."

"Kuna nini?"

"Toa sufuria, na kuni, na yale mawe. Kisha ita vijana babomoe. Mufuniko iko chini yake."

"Jiko lote?"

"Lote. Lakini bangoje nifike. Na kabla ya yote uniitie Nyiraneza, na kamati, na kila muntu. Nitasema mbele yao."

Alifungasha sufuria yake na picha aliyochapiwa, akapanda pikipiki akaondoka. Buhendwa alibaki mlangoni akiitazama mpaka ilipopinda kona.

Kesho yake adhuhuri mzee alikuja kuchukua kibao chake. Nsimire alikuwa ameshairudisha chipu yake na kuijaribu diski, na nyimbo zote zilikuwa mahali pake. Walikuwa wakinywa chai, bila maneno mengi, simu ilipolia. Ilikuwa Mukandayisenga, akipiga kelele. Jiko lilianguka jana jioni, asubuhi wamefukua, tope lililotoka lilijaza karai nane, na maji yamefika! Nyiraneza? Ndiyo, alimwomba radhi mbele ya kilima kizima, ikabidi aseme mara mbili kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Nyiraneza alimwacha amalize, kisha akaingia shimoni kumsaidia kuzoa tope. Baadaye wangempandia maharage upya. "Sikilizeni," alisema, akaipeleka simu kwenye bomba la uwanjani, na ndani ya kibanda cha Kamembe yakasikika maji ya Nkungu yakimiminika ndani ya madumu, na watoto wakigombea zamu.

Nsimire alicheka kwa furaha. Alipogeuka kumwambia Buhendwa, mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, anavuka barabara.

Alikuwa anaelekea kwenye studio ya Adrien. Mlango ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na watu, familia nzima iliyovalia kupigwa picha, bibi, wajukuu, na wengine wawili wanaongoja. Nsimire alielewa. Alikimbia akamshika mkono kizingitini.

"Papa, ngoja kwanza. Ngoja bantu batoke."

"Hapana," Buhendwa alisema. "Nilidanganya mbele ya bantu."

Akaingia. Adrien aliinua macho kutoka kwenye kamera yake. Familia ikabaki imekaa ilivyopangwa, mabega yamenyooka.

"Adrien," mzee alisema, "ile diski yako ya harusi haikukuwa imekufa. Niliiuwa miye. Sikusoma namba. Na huyu Nsimire alisema kweli, nikamufukuza."

Adrien aliiweka kamera chini. Siku zile nywele zake zilikuwa nyeusi zote, sasa za pembeni zilikuwa nyeupe. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Nilijuwa tangu siku ileile, Papa Buhendwa," alisema. "Miaka sita niko nakuona unapita upande ule wa barabara. Nilikuwa nangojea tu uvuke."

Nsimire aliuachia mkono wa mzee, akarudi upande wake wa barabara, akawaacha wazungumze.